Siku Tuliyochagua Taa za Pikapu

"Unataka nyeupe au ya kawaida, dada?"

Majuzi binti wa duka la spea aliniuliza hivyo, ameshika balbu mbili za taa za mbele, moja kila mkono. Gari langu limeshakuwa la zamani, taa ya kushoto ilikuwa imekufa, na nilitaka kutoka mjini kabla jua halijashuka. Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Lakini alipogusisha balbu kwenye betri ili nione mwanga wake, vumbi lililokuwa juu ya kioo liliungua kidogo likatoa harufu kavu, kama ya kitambaa kilichopitiwa na pasi ya moto mno, na mimi nikajikuta nimeshika kaunta kwa mikono miwili. Nilikuwa tena mtoto wa darasa la pili, nimesimama katika duka la mjini Tarime, naomba kimoyomoyo kwamba balbu zote za dunia hii ziwe zimekwisha.

Tulikuwa tunakaa Kisaka, wilaya ya Serengeti, kwenye nyumba ya mtumishi nyuma ya zahanati. Mama alikuwa nesi. Kwao ni Tukuyu, mbali kiasi kwamba alipotusimulia baridi ya huko na migomba inayoinamia barabara, niliona kama anasimulia nchi nyingine. Baba ni mtu wa Nyarero, upande wa Tarime, ng'ambo ya mto Mara. Alimkuta mama akiwa mgeni aliyepangiwa kazi huku, Kikurya hajui hata salamu, akamfundisha mpaka ikafika siku mama anabishana na wauza mitumba kwa Kikurya na kuwashinda. Baba alilima mahindi na mtama, na alikuwa na pikapu.

Wenzangu mliokulia huku mnazijua pikapu za namna ile. Rangi yake ilikuwa nyeupe zamani, mimi niliikuta ina rangi ya barabara. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Ndani palinuka magunia, dizeli, na maziwa yaliyowahi kumwagika chini ya kiti yasifutike tena. Ilibeba mahindi, mabati, ndama, maharusi na wagonjwa. Watu waliiita Chongo, kwa sababu taa ya kulia haikuwaka kabisa, na ya kushoto iliwaka ikijisikia. Baba alikuwa ameshabadilisha balbu mpaka akachoka. Kila aliyoiweka ilikufa. Mwisho akaacha, akajiwekea sheria kwamba jua likishagusa vilima, pikapu inalala.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyaeleza, kulikuwa na asubuhi niliyoamka kwenye kitanda cha jirani yetu, Mama Robi, bila kujua nimefikaje pale. Baba na mama hawakuwepo. Niliambiwa mama anaumwa tumbo, amepelekwa hospitali. Aliporudi alikuwa amekonda, na kanga ameifunga kiunoni kwa nguvu sana, kama mtu anayeogopa kumwagika. Wanawake walikuja, wakakaa naye bila kuongea, wakaondoka. Hakuna aliyenieleza chochote, na mimi sikuuliza, maana kwetu mtoto haulizi mambo ya wakubwa. Nilichoshika ni kimoja tu: mama anaweza kuondoka mimi nikiwa nimelala.

Baadaye mwalimu wetu wa darasa la kwanza, dada mmoja mpole aliyetoka Lushoto, alipata uhamisho. Tulimsindikiza hadi barabarani tukiimba. Alisema atatuandikia, na hakuandika. Robi, rafiki yangu, alinieleza jambo hilo kwa utulivu wa mtu mzima, huku tunachota maji kisimani.

"Watumishi ndivyo walivyo. Wanakuja na sanduku, wanaondoka na sanduku. Hata mama yako si wa huku."

Nilimpiga kwa sababu ya maneno yale, na tukapatana kabla ndoo hazijajaa, lakini maneno yenyewe yalibaki.

Kwa hiyo jioni ile nilipokuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa majivu, na dirisha la jikoni liko wazi, nilikuwa nimeshaandaliwa kuelewa vibaya. Baba na mama walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini.

"Safari hii sitaki kungoja," mama alisema.

"Hutangoja."

"Basi taa zipone kwanza. Taa zikishapona, mimi nitaondoka hata saa ngapi, sina wasiwasi."

"Na Ghati?"

"Ghati atabaki kwa Mama Robi. Asiambiwe kitu kwanza. Ni mtoto, ataogopa bure."

Ghati ni mimi. Nilikaa pale na sufuria mapajani mpaka majivu yakakauka mikononi. Mambo yote yakajipanga yenyewe. Siku zile mama alikuwa amenenepa na uso wake unang'aa, nikajua kumbe ni furaha ya kurudi kwao. Alikuwa ameshonewa magauni mawili mapana, nikajua kumbe ni nguo za safari. Chini ya kitanda alikuwa ameweka begi lililofungwa tayari. Siku moja nililivuta kidogo nikaona taulo jipya na vitenge vilivyokunjwa vizuri, nikalirudisha haraka kama niliyeshika kaa la moto. Mtoto mwingine yeyote angeona ni mama mjamzito. Mimi niliona uhamisho. Na kitu pekee kilichobaki kati yetu na uhamisho huo kilikuwa ni taa za Chongo.

Jumamosi baba akaniambia nijiandae, tunakwenda Tarime kununua taa, njiani tutapita Nyarero kumsalimia bibi. Siku nyingine yoyote ningeruka kwa furaha. Mama alinisuka asubuhi ile, mikono yake ikinuka sabuni ya zahanati, na kila aliponivuta nywele nililia kidogo zaidi ya maumivu yenyewe.

"Leo una nini wewe?" akaniuliza. "Nimekuumiza?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, utaharibu gauni."

Tulivuka mto Mara, maji yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa kwa ajili ya mvua za juu, tukaanza kupanda upande wa Tarime ambako udongo unakuwa mwekundu na hewa inapoa. Baba alikuwa anapiga mluzi. Kilichoniuma ndicho hicho, ule mluzi. Nilidhani yeye angalau ana huzuni kama mimi, kumbe ana haraka.

"Baba, zikikosekana?" nikamuuliza.

"Taa? Hazitakosekana."

"Lakini zikikosekana kabisa?"

"Nitakwenda mpaka Sirari. Zikikosekana Sirari nitavuka nikazitafute Kenya. Leo sirudi bila taa, mwanangu."

Nikageukia dirishani.

Duka la spea lilikuwa la mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Duka lilinuka mpira mpya na grisi, mikanda ya injini imening'inia darini kama nyoka waliokaushwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba na kunipa tairi la kukalia. Baba hakuzungusha maneno.

"Mama, nataka balbu za taa za mbele. Zenye mwanga mkali kuliko zote ulizonazo."

"Za gari gani?"

"Ile pale nje."

Mama yule alitoka mwenyewe. Akamwambia baba afungue boneti, akainama, akachomoa soketi iliyo nyuma ya taa ya kulia na kuigeuza juani.

"Hii imeungua, kaka. Unaona ilivyoyeyuka? Ulishawahi kuweka zile kali?"

"Niliweka. Mara nyingi tu."

"Basi ndizo zilizokuua. Gari la umri huu waya zake ni nyembamba. Unaliwekea balbu inayokula moto mwingi, waya inachemka, soketi inayeyuka, balbu inakufa. Unaleta nyingine kali zaidi, hali ni ileile."

Baba alikuna kichwa. "Soketi weka mpya. Ila mwanga nautaka mkali."

"Wacha nikuonyeshe, uamue mwenyewe."

Tukarudi ndani. Juu ya kaunta palikuwa na betri ya gari yenye waya mbili. Akatoa balbu ya kwanza kwenye kiboksi chake, kioo chake kina rangi ya buluu kwa mbali, akaigusisha. Duka zima likawaka. Mwanga ulikuwa mweupe, mweupe wa kuumiza, mpaka mikanda ya darini ikatoa vivuli. Ndipo ile harufu ya vumbi linaloungua ikanifikia. Baba aliinamia kaunta kutazama, na mwanga ule ukampiga usoni. Nikaogopa. Uso wake ulikuwa umekauka, midomo imepauka, macho yameingia ndani. Haukuwa uso wa baba yangu.

"Hizi," baba akasema. "Nipe hizi hizi."

"Unatembelea wapi?"

"Kisaka. Navuka mto kuja huku."

"Vumbi?"

"Vumbi kiangazi. Sasa hivi ni mvua, na pale mtoni kuna ukungu."

"Unatembea na giza?"

Baba akanitazama. "Ghati, nenda kaangalie gari."

Nilitoka hadi mlangoni, nikasimama upande wa pili wa ukuta, ambapo mtoto yeyote angesimama. Baba alishusha sauti, lakini sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe haishuki sana.

"Ni mama yake. Saa yoyote naweza kumtoa nyumbani. Mwaka jana nilishindwa, mama. Ilikuwa giza na mvua, taa hakuna. Nikasema tungoje pakuche. Tukangoja. Safari hii nimtoe saa yoyote atakayosema."

Leo naelewa kila neno. Uchungu ulimshika mama jioni, yeye ni nesi na alijua mtoto amekaa vibaya, na zahanati nzima nesi alikuwa ni yeye mwenyewe. Baba alijaribu kuondoka mara mbili na ile taa moja, mara ya pili pikapu nusura iingie kwenye korongo. Wakangoja alfajiri. Mtoto, wa kiume, hakufika hospitali akiwa hai. Hayo yote nilikuja kuambiwa na mama nilipokuwa mkubwa. Siku ile nyuma ya ukuta nilisikia kitu kimoja tu: nimtoe nyumbani. Baba anamtoa mama nyumbani.

Nikaingia ndani mbio.

"Usinunue, baba! Usinunue!"

Wote wawili wakanigeukia. Baba alidhani nimeogopa ule mwanga. "Ni taa tu, mwanangu. Haiumizi."

"Usinunue. Ukinunua mama ataondoka."

"Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe. Alisema taa zikipona ataondoka. Anarudi kwao. Ameshafunga begi." Hapo nikashindwa kuendelea, kilio kikanishika mpaka nikaanza kukohoa.

Mama mwenye duka akavua miwani yake, akajifanya anafuta kaunta. Baba akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa mtu mrefu, na kuchuchumaa kwake kulikuwa ni jambo la taratibu, kwa vipande. Nilimwona anatafuta maneno. Habari za mtoto ambaye hajazaliwa hazitajwi ovyo kwetu, na baada ya mwaka ule nadhani alikuwa anaogopa hata kuziwaza kwa sauti.

"Nisikilize," akasema mwishowe. "Mama yako haendi kwao. Ana safari ya hospitali, na mimi ndiye nitakayempeleka, na mimi ndiye nitakayemrudisha. Hizi ni taa za kwenda na za kurudi. Umesikia?"

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa hospitali anakwenda kufanya nini?"

Mama mwenye duka akakohoa. Baba akamtazama, akanitazama, akasema, "Anakwenda kuchukua kitu chetu."

Niliifikiria habari hiyo. Sikuielewa, lakini niliona macho yake, na nikamwamini. Nilijifuta kamasi kwa gauni lile ambalo sikutakiwa kuliharibu.

"Na mimi nataka kwenda."

"Tutaona."

"Basi usinunue hiyo. Inakufanya unakuwa kama mtu aliyekufa."

Nilisema hivyo kitoto tu, bila kujua nasema nini. Mama yule akachukua balbu ya pili, ya kawaida, kioo chake ni cheupe kisicho na rangi yoyote, akaigusisha kwenye betri. Mwanga ukatoka wa njano, kama wa moto wa kuni uliokwisha kutulia. Haukujaza duka. Lakini uso wa baba, pale alipokuwa amechuchumaa, ulikuwa uso wake, wenye kovu la utotoni juu ya nyusi na ndevu mbili tatu alizoziruka wakati wa kunyoa.

"Hii," nikasema.

"Haina nguvu," baba akasema, na safari hii alimwambia mwenye duka, kama anayeomba aambiwe kinyume.

"Ina nguvu ya kutosha, ila haipigi kelele," mama yule akajibu. "Ile nyeupe ukiingia nayo kwenye ukungu inakurudia machoni mwenyewe, unaona ukuta. Hii inapita. Na waya zako zitaiweza. Mimi kama ningekuwa na mgonjwa wa kumkimbiza, ningemkimbiza na hii. Mtoto amechagua vizuri."

Baba alibaki ameshika viboksi vyote viwili. Alikuwa ameondoka nyumbani na nia moja tu, kununua mwanga mwingi kuliko giza lote la mwaka jana, na sasa anaambiwa achukue mdogo. Alivipima mikononi kwa muda mrefu. Halafu akarudisha kile cha buluu juu ya kaunta.

Waliziweka palepale nje ya duka. Mama yule alifunga soketi mpya, akamwonya baba asishike kioo cha balbu kwa vidole. "Mafuta ya mkono yanaiua. Shika na kitambaa." Baba akanivua kitambaa nilichojitanda, akazishika balbu nacho, kwa ncha za vidole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Sijawahi kumwona akishika kitu kwa uangalifu namna ile. Akaniweka mbele ya gari niangalie. Dimu, zikawaka zote mbili. Fulu, zikawaka zote mbili. Kwenye lile jua la saa nane hazikuonekana sana, lakini baba alikuja mbele akasimama karibu nami akizitazama kwa muda, kisha akazima kama anayeogopa kuzimaliza.

Hiyo safari haikutokea kwa utaratibu waliokuwa wamepanga. Mama alitakiwa aende kukaa kwa bibi Nyarero wiki za mwisho, awe karibu na hospitali ya mjini. Lakini aliendelea kufanya kazi, akisema hana wa kumwachia wagonjwa, na jioni moja ya mvua, tumekaa tunakula ugali, akaweka tonge chini na kushika ukingo wa meza.

"Baba Ghati," akasema. "Ndiyo sasa."

Baba alikuwa ameshasimama kabla hajamaliza. Mimi nilikimbilia kwenye pikapu nikapanda na kushika usukani kwa mikono yote miwili, wasinishushe. Mama Robi aliitwa, akajaribu kunibembeleza, nikapiga yowe. Mama, amejikunja mlangoni, akasema, "Mwache apande. Mwaka jana tulimwacha amelala."

Basi nikakaa katikati. Giza lilikuwa limeshaingia na mvua inanyesha ile ya mshazari. Baba akawasha taa. Barabara ikatokea mbele yetu, ya njano, kila dimbwi mahali pake, kila jiwe na kivuli chake. Nilisikia mama anavuta pumzi kwa mdomo, anahesabu kwa Kinyakyusa, lugha aliyoitumia tu alipokuwa peke yake. Kila baada ya muda aliufinya mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi, na mimi sikulalamika, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Karibu na mto ukungu ulikuwa umelala barabarani. Baba akapunguza mwendo, akashusha taa ziwe dimu, na mwanga ukaingia chini ya ule ukungu taratibu, ukaifuata ardhi. Ndipo tukamwona. Kiboko, amesimama katikati ya njia inayoteremkia darajani, mgongo wake unang'aa kwa mvua, anatafuna. Baba akakanyaga breki. Mkono wake ukaenda kwenye honi.

"Usipige," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zahanati, ile ambayo hata wazee waliitii. "Usipige honi, usiwashe fulu. Mwache. Akishtuka atatujia."

"Una muda?"

"Ninao. Mwache tu."

Tukakaa. Injini inaunguruma, wipa inakwaruza kioo, mama anavuta pumzi. Baba hakuondoa macho kwa yule mnyama, na nilijua, bila kujua sababu, kwamba hakuna kitu duniani anachokichukia kama kungoja. Kiboko aligeuza kichwa, akatutazama kwa macho yake madogo. Halafu akaanza kutembea, bila haraka, akateremka kwenye matete, makalio yake yakawa ya mwisho kupotea.

"Nenda," mama akasema, na tukavuka.

Mdogo wangu alizaliwa usiku uleule kwa upasuaji, mvua ikiwa bado inanyesha. Mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi la hospitali, kichwa kwenye mapaja ya baba. Aliniamsha kukipambazuka. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, midomo imekauka, anatabasamu, na pembeni yake ndani ya kile kitenge nilichokiona kwenye begi palikuwa na uso mdogo, mwekundu, wenye hasira. Ndicho kitu chetu.

"Mshike mdogo wako," mama akasema.

Nikavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole vyangu vyote, ndipo nikanyoosha.

"Mbona hivyo?"

"Nina mafuta mkononi. Nisimuue."

Baba ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akatoka nje, na alipokawia kurudi, mama akaniambia nimwache kwanza.

Tulikaa kwa bibi Nyarero mpaka kidonda cha mama kilipopona. Bibi alimwogesha mtoto, akampa jina la Mwita, akamnywesha mama uji wa ulezi mpaka akawa anajificha. Siku ya kurudi Kisaka tulichelewa kuondoka, maana kila aliyekuja kuaga alikaa, na tulipovuka mto jua lilikuwa limeshazama. Baba aliwasha taa. Mvua zilikuwa zimekwisha, nyasi zimerefuka pande zote mbili za barabara. Mwita alikuwa amelala mapajani mwa mama. Tulifika mahali penye mashine ya kusaga iliyofungwa zamani, bati lake limeezuliwa nusu, mama akasema, "Simama hapa."

Baba akasimama. Hakuuliza kwa nini. Mama akamlaza mtoto mikononi mwangu, akafungua ule mpira wa mlango, akashuka. Akatembea mpaka mbele ya gari, ndani ya mwanga, akasimama ameelekea nyasi. Kivuli chake kilikuwa kirefu sana, kilifika kwenye ukuta wa mashine.

Ni pale, alfajiri ile ya mwaka jana, walipokuwa wamefika. Kaka yake Mwita alizaliwa pale, kwenye kiti hichohicho nilichokuwa nimekalia, kimya, na baba alizima gari kwa sababu hapakuwa tena na haraka ya kwenda popote. Mimi sikulijua hilo. Nilimwona tu mama akivua kanga ya mabegani, akaikunja, akaikumbatia, akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, chinichini, wimbo ambao alikuwa akinibembelezea mimi na ambao sikuwahi kumsikia akiuimba tena tangu aliporudi amekonda. Aliuimba wote. Wadudu walikuwa wanaruka kwenye mwanga, wanamzunguka.

Baba alishuka akaenda kusimama karibu naye. Hakumgusa. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia mama, bila kumgeukia, akimwambia, "Haikuwa wewe, Baba Ghati. Ilikuwa giza tu."

Mabega ya baba yakaanza kutikisika. Nikageuza macho nikamtazama Mwita, kwa sababu niliona aibu, sikuwahi kujua kwamba na yeye hulia.

Walirudi, mama kwanza. Akamchukua mtoto kwangu, akamfunika ile kanga. Baba akakaa kwenye usukani na kufunga mlango, kisha akabaki hivyo, mikono imelala mapajani kama ya mtu aliyetoka kupalilia kutwa nzima. Mama akamngoja. Alipoona haondoki, akanyoosha mkono juu ya magoti yangu, akashika kirungu cha gia.

"Kanyaga klachi," akasema.

Baba akakanyaga, mama akaingiza gia, tukaenda nyumbani.